Barua ya wazi kwa wanaoongoza barabara za Dar es Salaam: mkazi aambiwe jioni, asiambiwe na foleni

Kwa Kikosi cha Usalama Barabarani Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, TANROADS na TARURA mkoani humo, LATRA, na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART.

Ndugu makamanda, wahandisi na mameneja,

Mtu anayekaa Mbagala Rangi Tatu na ana miadi Mwenge saa 3:00 asubuhi huanza kuihangaikia safari hiyo jana yake jioni. Gari analo, mafuta ameweka, njia anaijua. Hata hivyo anampigia simu shemeji yake anayeendesha bajaji Buguruni, amuulize mataa ya pale yalikuwaje leo. Anachungulia kundi la WhatsApp la mtaa aone kama kuna aliyeandika lolote kuhusu Tabata. Anatoka nje kutazama mbingu. Kisha anaamua: saa 12:00 awe barabarani, na kukiwa na wingu zito, saa 11:30. Kutoka Rangi Tatu hadi Mwenge hazifiki kilomita 30. Usiku barabara ikiwa tupu, mwendo huo haumalizi saa nzima.

Barua hii inahusu jioni ile ya kupigiana simu. Sehemu kubwa ya majibu anayoyatafuta kwa shemeji yake yamo ofisini kwenu. Nani anachimba barabara kesho, upande upi utafungwa, msafara gani unapita, mechi gani inachezwa, bonde gani limeanza kujaa: kila moja ya habari hizo ina ofisi inayoijua kabla mwenye gari hajawasha injini. Ombi la wakazi ni kwamba zitangazwe, kila siku, saa ileile, mahali pamoja.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini anayevuka jiji ndiye anayeumia zaidi. Barabara kuu nne zinaingia Dar es Salaam: ya Bagamoyo kutoka kaskazini, ya Morogoro kutoka magharibi, ya Nyerere inayopita uwanja wa ndege, na ya Kilwa kutoka kusini. Zote zinaelekea mjini kati na bandarini, kwa kuwa huko ndiko kazi, soko na meli zilikokuwa. Anayekwenda Posta au Kariakoo hushika mojawapo akaifuata hadi mwisho. Anayetoka kusini kwenda kaskazini bila kuwa na shughuli mjini ana barabara moja tu kubwa inayozikata zote: Mandela, kisha Sam Nujoma. Anaishika pale Uhasibu, anakutana na Nyerere pale TAZARA, Uhuru pale Buguruni, Morogoro pale Ubungo, na Bagamoyo pale Mwenge. Makutano matano makubwa, na katika kila moja anakutana na magari yanayoingia mjini. Barabara hiyohiyo ndiyo pia njia ya malori yanayotoka bandarini na mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori lenye kontena la futi 40 likizimika katika njia ya kati karibu na Tabata, hakuna kona ya kuchepukia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao wamejenga pembezoni, Chamazi, Goba, Madale, Kinyerezi, Pugu, Bunju, mbali na wanakofanyia kazi.

Hakuna anayesema kwamba Serikali imekaa bure. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA ilizinduliwa Septemba 2018. Makutano ya Kijazi pale Ubungo, ya ngazi tatu, yalizinduliwa Februari 2021. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa mwaka 2022, na tangu hapo wanaotoka Masaki kwenda mjini hawategemei tena daraja la Selander peke yake. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara kuelekea Kibaha. Zimewekwa lami barabara za pembeni ambazo zamani zilikuwa vumbi na mashimo: Tangi Bovu hadi Goba, Goba hadi Mbezi Mwisho, Malamba Mawili hadi Kinyerezi na Banana. Anayekaa Goba leo anaweza kwenda uwanja wa ndege bila kulikanyaga daraja la Ubungo, na kwa hilo mnastahili shukrani za dhati.

Lakini mtazameni yule wa Rangi Tatu. Barabara ya juu ya TAZARA inawapitisha wanaofuata Nyerere. Yeye aliye Mandela bado anapita chini, kwenye mataa. Mwenge bado anasubiri mataa. Akitaka kuikwepa Mandela, anaweza kushika Chang'ombe na Kawawa, apite Karume, Kigogo na Magomeni hadi Morocco, na njia hiyo inashuka kwenye bonde la Msimbazi na tena kwenye bonde la Mkwajuni, ambako mvua kubwa hujaza maji. Au aingie mjini kabisa, apite Posta, avuke Tanzanite, atokee Masaki na kurudi Mikocheni, yaani auzunguke mji mzima akiwa pamoja na wote wanaokwenda kazini. Njia tatu anazo. Asichonacho ni habari ya kumwezesha kuchagua mojawapo kabla hajafika Uhasibu, na akishafika Uhasibu uchaguzi umekwisha.

Na mtu anayepanga safari hapangi kwa siku ya kawaida, hupanga kwa siku mbaya. Tuseme njia ile imemchukua saa moja Jumatatu, saa moja na robo Jumanne, na saa mbili na nusu Jumatano. Kama hana namna ya kuijua Jumatano kabla haijafika, atatoka saa mbili na nusu kabla ya miadi kila siku. Jumatatu atafika mapema mno, atalaza kiti ndani ya gari na kusinzia kwenye maegesho akingoja ofisi ifunguliwe. Saa moja na nusu aliyoipoteza siku hiyo haikuliwa na foleni, maana foleni haikuwepo. Imeliwa na kutojua. Hasara hii haionekani katika picha za barabara zilizojaa magari, na haipungui kwa kujenga daraja jipya ikiwa mtu wa chini ya daraja hilo bado hajui kesho kutakuwaje. Inapungua kwa taarifa, na taarifa ni rahisi kuliko zege.

Wanaoilipa hasara hiyo ni wengi. Yupo mtoto wa darasa la pili anayepandishwa basi la shule saa 11 alfajiri, kichwa kikigonga kioo kwa usingizi, kwa sababu dereva hawezi kujua Tabata kutakuwaje. Yupo mgonjwa wa kliniki Muhimbili anayefika na giza kwa miadi ya saa 4. Yupo mwenye tiketi ya treni ya umeme: tangu huduma za SGR zilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma, kuna usafiri unaoondoka kwa ratiba, na abiria anayetoka Tegeta huilinda tiketi yake kwa kufika Stesheni saa nyingi kabla. Nchi imejenga reli ya kuhesabu dakika, halafu njia ya kuifikia stesheni haitabiriki hata kwa saa.

Sasa yafaa kusema kuhusu mataa na askari, kwa heshima yote, kwa kuwa hapo ndipo madereva wana maneno mengi zaidi.

Asubuhi na jioni, kwenye makutano makubwa, askari wa usalama barabarani huingia katikati na kuongoza kwa mkono. Taa inaendelea kubadilika juu ya kichwa chake, nyekundu, kijani, nyekundu tena, na hakuna anayeitazama. Magari yanamtazama yeye. Ameita upande wa mjini, na upande wa mjini unapita. Pande nyingine zinasubiri. Dakika tano zinapita, nane, kumi. Mahali penye kusubiri namna hiyo wachuuzi hupajua kuliko ramani yoyote: ndoo ya maji yenye barafu begani, karanga zilizofungwa kwenye karatasi, chaja za simu, vitambaa vya kufutia kioo. Wanatembea kati ya mistari miwili ya magari bila haraka, wakirudisha chenji pole pole, kwa sababu wanajua upande huo hauitwi sasa hivi. Kwenye daladala iliyo nyuma abiria anamwambia konda, "Nishushe hapa hapa." Anashuka, wengine watatu wanamfuata, wanatembea pembeni ya mtaro hadi ng'ambo ya mataa wakadandie gari lililotangulia. Nauli wamelipa mara mbili.

Askari yule ana sababu zake. Taa nyingi zimepangwa kwa muda usiobadilika, na hazijui kwamba upande mmoja umejaa hadi kituo cha nyuma. Umeme ukikatika taa huzimika, na bila yeye makutano yangefungana kabisa. Tena kila upande unapobadilishwa kuna sekunde zinazopotea, magari ya mwisho yakimalizikia na ya mbele yakianza kunyanyuka, kwa hiyo anayebadilisha mara chache anaamini anaokoa muda. Anasimama juani kwa saa nyingi, anameza moshi, anatukanwa. Barua hii haimshitaki.

Inashauri tu hesabu ifanywe mezani kabla ya kufanywa barabarani. Wahandisi wenu wanajua kwamba kwenye kijani gari moja hupita mstari kila baada ya sekunde mbili hivi, ndiyo maana njia moja, taa isipobadilika kabisa, haiwezi kuzidi sana magari 1,800 kwa saa. Chukueni upande unaopokea magari 10 kwa dakika katika njia moja, si mengi. Ukizuiwa kwa dakika 10 yamesimama magari 100. Kila gari na nafasi yake likichukua mita 7, mkia umefika mita 700. Kuyatoa yote kunahitaji zaidi ya dakika tatu za kijani bila kukatika, na wakati huo mengine zaidi ya 30 yameshaungana nayo. Mkia wa mita 700 katika jiji hili mara nyingi unaangukia kwenye makutano ya nyuma, au mlango wa kituo cha mafuta, au kwenye kona ya barabara ya mtaa. Ukishafika hapo unawafunga hata wale ambao hawakuwa na haja ya kupita kwenye mataa yale. Askari wa makutano ya nyuma naye anazuia upande wake kwa kuwa hana pa kuyapeleka magari. Kusubiri kulikoanzia Buguruni kunamkuta mtu TAZARA.

Kwa hiyo wakazi wanaomba jambo moja dogo kwenye makutano yanayoongozwa kwa mkono: uwekwe ukomo wa muda wa kuzuia upande mmoja, ujulikane kwa askari wote, na askari wa makutano yanayopakana wawasiliane kwa redio kabla ya kuuvuka. Siyo lazima ukomo uwe uleule Mwenge na Morocco. Ni lazima uwepo. Dereva akijua kwamba popote atakaposimama hatasimama zaidi ya dakika kadhaa zinazojulikana, anaweza kujumlisha makutano yake na kupata saa ya kutoka nyumbani. Leo hawezi kujumlisha, kwa sababu hana namba hata moja.

Mtasema kutangaza mambo ya barabara kila siku ni kazi mpya na ngumu. Tazameni ofisi nyingine za umma mnazokaa nazo jiji moja. TANESCO ikitaka kukata umeme kwa ajili ya matengenezo hutoa tangazo: tarehe, saa ya kukata, saa ya kurudisha, mitaa itakayoathirika, na sababu. DAWASA ikizima mtambo hutaja maeneo moja baada ya jingine, na watu hujaza ndoo usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika na wa vuli kabla ya msimu, na mvua kubwa ikikaribia hutoa angalizo au tahadhari kwa mikoa inayohusika. Wakati mwingine umeme haukatwi, wakati mwingine mvua hainyeshi. Watu hawajaacha kuyasoma matangazo hayo. Wanayasambaza, mama mkwe anamtumia mkwe wake, mwenyekiti wa mtaa anayasoma kwenye mkutano. Tangazo la barabara lingekuwa na umbo hilohilo: barabara, kutoka kituo gani hadi kituo gani, saa ngapi hadi saa ngapi, sababu, na njia ya kuchepukia.

Na nyinyi wenyewe mmeshalifanya. Januari 27 na 28 mwaka 2025, marais na wakuu wa serikali walikutana Dar es Salaam kujadili nishati ya umeme barani Afrika. Kabla ya mkutano Jeshi la Polisi lilitangaza barabara zitakazofungwa au kutumiwa na misafara. Watumishi wa umma ambao uwepo wao ofisini haukuwa wa lazima waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Wenye maduka walijua, wenye daladala walijua, wazazi walijua. Usumbufu ulikuwepo, lakini ulikuwa usumbufu ulioandaliwa, na mtu aliyekuwa na safari ya lazima aliweza kuihamishia siku nyingine au saa nyingine. Walinzi wa wageni hawakushindwa kazi yao kwa sababu mkazi wa Kipawa aliambiwa mapema.

Kama iliwezekana kwa wageni wa siku mbili, inawezekana kwa wenyeji wa siku zote. Misafara ya kila wiki ina sababu za usalama, na hakuna anayetaka kujua gari gani limembeba nani. Inatosha kusema kwamba kesho kati ya saa 2 na saa 4 Barabara ya Nyerere itasimamishwa kwa vipindi. Mechi kubwa za Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000 na uko kando ya Mandela, zimo kwenye ratiba ya ligi. Maonesho ya Sabasaba huja kila mwaka, mwisho wa Juni na kuingia Julai, kandokando ya Barabara ya Kilwa. Hizi si ajali. Yule wa Rangi Tatu angeambiwa kwamba Jumamosi jioni Simba na Yanga wanacheza na kwamba kuanzia saa 9 magari yatageuzwa Chang'ombe, angefanya safari yake asubuhi.

Kuhusu maji, Jangwani panajulikana nchi nzima. Mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi husimama, na magari yote ya magharibi hutafuta njia nyingine ya kuingia mjini, yakizijaza Kigogo na Mandela ambazo zilikuwa zimejaa tayari. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Benki ya Dunia, una daraja jipya la kuipandisha barabara juu ya mafuriko, na siku litakapotumika kikamilifu taabu hiyo itapungua. Mpaka hapo, na katika mabonde mengine ambayo hayana daraja la namna hiyo, maji hayaji ghafla kama inavyodhaniwa. Mvua iliyonyesha Pugu na Kisarawe inachukua muda kushuka hadi bondeni. Kipimo cha kina cha maji juu ya mto, mtu wa kukisoma usiku, na namba ya simu ya kituo cha polisi vingetosha kuwaambia wa Kimara saa 11 alfajiri kwamba Jangwani hakupitiki, badala ya wao kuligundua wakiwa Magomeni, na nyuma yao kumeshafungwa.

Ujenzi ndio unaoleta maumivu ya muda mrefu. Njia za mwendokasi zimejengwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kisha kazi ikaingia Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na Bagamoyo kuelekea Tegeta pamoja na Sam Nujoma. Ni kazi njema na wakazi wanaitaka. Ila mkandarasi anapohamisha vizuizi usiku, njia mbili zikabaki moja na mchepuko ukahamia upande wa pili, aliyepita jana jioni anajikuta asubuhi kwenye barabara asiyoijua. Kibao cha mchepuko mara nyingi kimewekwa pale pale mchepuko unapoanza, wakati dereva hana tena nafasi ya kuamua. Kingewekwa makutano mawili nyuma kingekuwa na maana. Na daladala nazo zinahama: zinashusha mahali pengine, zinapakia mahali pengine, na mzee aliyezoea kituo cha miaka ishirini anasimama juani pasipo na gari. LATRA, ambayo ndiyo hutoa njia za daladala, ingeweza kulazimisha kila badiliko la njia libandikwe kwenye kituo cha zamani siku kadhaa kabla, kwa maandishi makubwa yanayosomeka.

Simu nazo zinasaidia kiasi. Ramani za Google zinaonyesha wekundu wa barabara Dar es Salaam, na madereva wa teksi za mtandaoni wanazitegemea. Lakini zinaonyesha foleni iliyokwisha kuwepo. Haziwezi kujua kwamba askari atauita upande wa Tabata baada ya dakika moja au baada ya kumi, wala kwamba mkandarasi atasogeza vizuizi saa 6 usiku. Nairobi kuna huduma ya Ma3Route, ambapo wasafiri huambiana wenyewe barabara ilivyo, na imepata wafuasi wengi sana. Dar es Salaam makundi ya WhatsApp na redio za FM zinafanya kazi hiyo kila asubuhi, msikilizaji anapiga simu akiwa Ubungo na kusema kumekaza. Habari hizo ni za aliyekwisha kukwama, nazo zina thamani yake. Wanaoweza kusema habari ya kesho ni nyinyi peke yenu.

Liko jambo moja ambalo haliko mikononi mwenu moja kwa moja, lakini sauti zenu zingesikika. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Shule nyingi nazo huanza karibu na saa ile ile ya asubuhi, na viwanda na ofisi binafsi haviko mbali na saa hiyo. Jiji zima linaamriwa kupita Ubungo, TAZARA na Mwenge katika kipande kimoja cha asubuhi. Kama shule za sekondari za kutwa, au baadhi ya idara, zingeanza dakika 45 baadaye, makutano yale yale yenye mataa yale yale yangepitisha watu wale wale kwa utulivu zaidi. Nyinyi mnaosimama makutano hayo mnaweza kuyahesabu magari ya kila saa. Hesabu hizo zipelekeni kwa wizara zinazopanga saa za kazi na za shule, na zitolewe hadharani ili wazazi na waajiri wajadili wakiwa na namba mbele yao.

Kuhusu tangazo la kila jioni, lianze na kidogo. Barabara tano zinatosha: Mandela pamoja na Sam Nujoma, Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo. Litoke saa 12 jioni, baada ya maofisa wa Polisi, TANROADS, TARURA, DART na LATRA kupigiana simu na kukubaliana maneno, kusiwe na ofisi inayotangaza mchepuko ambao ofisi nyingine haiujui. Lipelekwe redioni kabla ya taarifa ya habari, liwekwe kwenye kurasa zenu za mtandaoni kama maandishi, siyo picha, ili hata mwenye kifurushi kidogo alifungue. Lisomeke kwa majina ya vituo ambavyo makonda hutaja, kwa kuwa mkazi haijui kilomita ya ngapi bali anaijua Tabata Dampo. Siku isiyo na jambo liseme kwamba hakuna jambo. Na liwe na namba moja ya simu inayopokelewa kuanzia saa 11 alfajiri, na mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha kilichobadilika usiku.

Masika huanza Machi. Kuna muda wa kutosha kabla ya hapo kuteua ofisa mmoja katika kila taasisi, kuandika tangazo la kwanza, kukosea, na kulirekebisha.